Kitete Mgongoni

Hapa Kola, kila mwaka kunde zikikauka, kuna Jumamosi moja hakuna mtu anapika kwake. Tunaenda wote kwa Susu Kamanthe. Si nyanya yangu wa damu, lakini kijiji kizima kinamwita susu. Watoto wadogo wanadhani siku hiyo iko tangu zamani. Si zamani. Mimi niliiona ikianza.

Mvua ilikuwa imekosa misimu minne. Kila nyumba ilikuwa imepika mbegu yake, hata sisi. Susu alibaki na kitete kimoja, kibuyu cha kunde zilizochanganywa na jivu zisiingie wadudu. Mzee wake, Muthoka, alikuwa anakiangalia kila jioni na kumuuliza mkewe:

"Mama Mutua, hiyo tutakula lini? Tukishakufa?"

"Hiyo si chakula. Hiyo ni shamba."

Siku moja Susu alirudi kutoka kisimani akakuta mzee ameshatoa kizibo, na maji yanachemka mekoni. Alirudisha kizibo, akakifunga kitete mgongoni kwa leso kama mtoto. Tangu hapo alienda nacho kila mahali, kanisani, hata kwa foleni ya mahindi ya msaada. Watu walicheka. Jirani yetu Mwelu ndiye alizidi.

"Mama Mutua, mtoto amenyonya leo?"

"Amelala. Usimwamshe."

Susu alikonda mpaka leso ikamzunguka mara mbili. Kitete hakikupungua.

Novemba mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Ardhi ilikuwa tayari, na hakuna aliyekuwa na cha kupanda. Mwelu alikuja wa kwanza, akasimama mlangoni akiangalia miguu yake.

"Nimekuja kuona mtoto."

"Ameamka," Susu akasema. "Leta mikono."

Alipimia kila nyumba viganja viwili. Yake pia, viwili. Kunde zote tumekula tangu siku hiyo zimetoka hapo.

Zilipokomaa, Mwelu alimpelekea Susu sufuria ya kwanza kabla watoto wake waonje. Sisi pia tulikuwa njiani na yetu. Tulikutana huko nyumba tisa, na hakuna aliyekuwa ameitwa.

Siku hizi kila nyumba inarudisha viganja viwili kwa kitete, ndio tunakula. Halafu kinafungwa kwa leso na kuzungushwa boma lote. Anayekibeba ni Mzee Muthoka, na hajawahi kukubali mwingine akishike. Mwelu humuuliza kama mtoto amenyonya. Mzee, bila kucheka, anasema ameshiba.