Mahali Aliposimama Jattani

Jattani hakuwa chifu wala diwani. Hakuwa na muhuri wala bunduki. Alikuwa na fimbo nyeusi, na kwa miaka thelathini na mmoja kisima chetu karibu na Kulamawe kiliendeshwa kwa fimbo hiyo. Waborana humwita mtu kama yeye abba herega, baba wa zamu. Alisimama juu ya jiwe bapa kando ya hori, fimbo ameilaza kifuani, na ng'ombe wakasimama. Akiishusha, walikunywa. Aliyevunja zamu hakupelekwa kituoni. Watu waliacha tu kumsaidia kuteka, na kisima kirefu namna ile hakitekwi na mtu mmoja.

Katika kiangazi kimoja kikali alizuia hata ng'ombe wake. Kumi na mmoja walianguka wakingoja siku yao. Mkewe hakumlaumu kwa maneno. Aliacha kumtilia maziwa kwenye chai, hata baada ya mvua kurudi.

Alifariki mwezi wa Rajab, Allah amrehemu. Wazee walimpa binti yake Kaltuma fimbo aishike mpaka wakae wamchague mwingine. Kaltuma aliishika akiwa amesimama chini, kwa kuwa hakuthubutu kulikanyaga lile jiwe. Kila alipolikaribia alisikia kikohozi cha baba yake, kile kifupi cha kusafisha koo kabla ya kumtaja mwenye zamu.

Siku yake ya tisa na fimbo ilikuwa zamu ya Ebei, Mturkana ambaye Jattani alimpa siku kwa mdomo tu. Lakini vumbi la kwanza lilikuwa la Tuye, kaka yake Kaltuma, amekuja na vijana wanne wa kuteka na ng'ombe waliobaki mbavu tu.

"Siku yetu ni kesho, kaka," Kaltuma alisema.

"Kesho hawa hawatasimama. Imeandikwa wapi? Ama siku hizi serikali ni wewe na hiyo leso yako?"

"Baba alimpa Ebei."

"Baba yuko kaburini, Kaltuma."

Vijana walijaza hori. Ng'ombe wakafika penye jiwe, wakasimama. Tuye alipiga mluzi, kisha akapiga migongo. Ng'ombe mwekundu wa mbele alinyoosha shingo kuelekea maji, pua zikitetemeka, mguu hausogei. Wote walikuwa wakitazama juu ya jiwe tupu. Kijana mmoja akaachia kamba, akasema, "Bismillahi."

"Panda pale ushushe fimbo," Tuye alinong'ona. "Dada, naomba."

Kaltuma akapanda. Ebei na mkewe Nakaale walikuwa wamefika na mifugo yao. Walisema habari, kisha wakangoja. Nyuma yake, karibu kabisa na sikio, Kaltuma alisikia kile kikohozi.

"Ebei," alisema.

Tuye aliwageuza ng'ombe wake mwenyewe. Alipompita dada yake hakuinua macho.

Kesho yake ng'ombe wa Tuye walikuja kwa zamu yao, watatu pungufu. Ng'ombe mwekundu hakuwemo.

Nyumbani, mama yao alimmiminia Kaltuma chai. Haikuwa na maziwa. Kaltuma aliipokea kwa mikono miwili, akasafisha koo kwa kikohozi kifupi. Mama yake akageuka upesi kutazama mlangoni.