Picha ya Radi Iliyomponza Jirani Yangu

Nimemponza mtu, jamani! Msinitafutie sababu, kosa ni langu mwenyewe.

Mimi ni mwalimu, mgeni huku Kibondo, ajira ndiyo iliyonileta upande wa Busunzu. Mvua zikianza, narusha droni kupiga picha za radi. Wanakijiji walikuwa wakinitazama kwa jicho la pembeni. "Kale kadude ka mwarimu ndiko kanaita inkuba," walinong'ona, yaani radi. Huku radi ikiua, swali si imepiga wapi, swali ni nani kaituma.

Nililijua hilo. Nililijua!

Alasiri moja nikanasa picha ya ajabu: radi imesimama wima juu ya bati la Mama Editha, mjane jirani yangu aliyekuwa akinipikia. Ukweli ni kwamba ilipiga vilima vya mbali, upande wa Kakonko. Ilikuwa pembe ya kamera tu. Nikaitupia kwenye grupu la kijiji na utani wangu wa kijinga: "Kumbe mitambo ya radi iko hapa!" Watu wakacheka, nami nikavimba kichwa.

Haukupita muda, radi ikaua ng'ombe wa mtu pale pale kijijini. Vicheko vikaisha. Wanaume wakaja kwangu, picha ile wanayo kwenye simu.

"Mwarimu, hii ni nyumba ya nani?"

Ningewaeleza ukweli, pengine yangekwisha. Niliogopa! Nikimtetea watageukia droni, na mimi sina ndugu hapa. Nikasema, "Mimi nilipiga nilichokiona."

Nyumba ya Mama Editha ilibomolewa mchana kweupe. Alipita kwangu na furushi kichwani.

"Mwarimu, umekula kwangu. Uliniona nikituma nini?"

Aibu niliyoipata siku ile simwombei mtu.

Baadaye nilimfuata Kasulu, alikokimbilia kwa dada yake, nikapiga magoti. Akanivuta mkono nisimame.

"Usiniombe msamaha hapa, mwarimu. Waliokusadiki wako Busunzu. Kawaambie wao."

Nimerudi, na sijawaambia. Badala yake wao ndio wamenifuata: "Rusha tena, mwarimu. Tunataka kumjua na mwingine." Nikadanganya kuwa imeharibika. Wakatazamana, mmoja akauliza, "Au unamficha mtu?"

Tangu hapo kila anayebisha hodi namshuku. Hata wanaonisalimu vizuri naona wananipima.

Ndugu zangu, msifanye utani na jina la mtu! Ukiona watu wameanza kumnong'ona mwenzako kwa sababu yako, sema siku ile ile, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilinyamaza nikadhani nimejiokoa. Wanaopaswa kuyasikia haya nawaona hapa dirishani wanapita kwenda shamba, nami naona ni rahisi kuwaandikia ninyi msionijua.