Jani la Sale Mezani kwa Meneja

Mwezi uliopita nilialikwa, pamoja na wastaafu wenzangu, kwenye sherehe ya shule ya ufundi niliyoitumikia kama karani hapa Moshi. Msemaji mmoja aliyevaa vizuri alisimama akatusomea historia ya shule. Alipofika kwenye ushirikiano wetu na kampuni ya umeme, enzi za utawala wa Waingereza, alisema ulikuwa ushirikiano wa heshima, na kwamba ni mwanafunzi mmoja tu aliyeondolewa, tena kwa uzembe wake, ambao baba yake mzazi aliukiri mbele ya meneja. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Maneno yale aliyatoa katika rejista niliyoiandika kwa mkono wangu, na si ya kweli. Chini yake niliandika baadaye mstari wa marekebisho, nikatia sahihi. Msemaji hakuusoma. Kwa hiyo nalazimika kueleza jambo lenyewe kwa urefu, kama lilivyokuwa.

Mkataba niliupiga chapa mimi. Ulisema kwamba wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa fani ya umeme watafanya kazi katika kampuni siku nne za juma, chini ya msimamizi wake. Kwamba mwisho wa mwaka watafanya mtihani wa vitendo mbele ya meneja. Na kwamba atakayefaulu atapewa cheti na kuajiriwa kama fundi. Kampuni nayo ingevuta umeme hadi karakana yetu na kutuletea mashine za kukereza chuma. Mkuu wa shule, Mwingereza mrefu asiyependa kelele, alizitamani mashine hizo kuliko kitu kingine chochote. Alikuwa ameshachora kwa chaki, kwenye sakafu ya karakana, mahali ambapo kila moja ingekaa, na ole wake mwanafunzi aliyekanyaga mistari hiyo.

Katika utekelezaji, vijana wetu walichimba mashimo ya nguzo. Miezi ya kwanza hawakushika waya. Vibarua wa kampuni waliwacheka, wakawaita mafundi wa sululu, wakawauliza kama shimo nalo lina somo lake darasani. Nilimpelekea Mkuu malalamiko yao kwa maandishi. Aliyarudisha mezani kwangu akiwa ameandika pembeni kwamba kuchimba ni sehemu ya mafunzo.

Kati ya vijana hao alikuwamo mmoja wa Marangu, wa familia ya Kikatoliki ya wakulima wa kahawa na ndizi. Alikuwa mtoto wa katikati. Asiyejua desturi za mlimani huenda asione uzito wa jambo hilo, hivyo nalieleza. Kwao, mtoto wa kwanza hukatiwa kihamba chake, yaani shamba la ukoo, na wa mwisho hurithi kihamba cha baba, pale penye migomba na makaburi ya wazee. Wa katikati hujitafutia. Baba yake alikuwa amemwambia waziwazi kwamba ardhi imekwisha, na kwamba cheti cha umeme ndicho kitakuwa kihamba chake. Kijana aliniambia hayo bila kulalamika, siku aliyoleta fomu zake ofisini.

"Sasa, Bwana Karani," akasema akicheka, "nikifeli nitapanda migomba kwenye nguzo."

Hakuwa wa kufeli. Alikuwa na mikono mitulivu, na alikuwa mwangalifu kuliko wote katika utaratibu wa vibao. Utaratibu huo ndio kiini cha habari hii. Kila mwanafunzi alikuwa na kibao chake cha bati chenye namba yake. Kabla ya kupanda nguzo alizima swichi ya njia ile, akakifunga kibao chake kwenye mkono wa swichi kwa kipande cha waya, akausokota. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukitoa, hata meneja. Aliyekifunga ndiye aliyekifungua, akishashuka. Kibao kikiwapo, mtu yuko juu.

Msimamizi wa kampuni, Mzungu mwenye haraka na Kiswahili cha kuamrisha tu, aliuona utaratibu huo kama mchezo wa watoto. Vijana walinieleza kwamba mara nyingine alivikata vibao kwa koleo yake bila kusubiri mtu ashuke, akipiga kelele tu kwamba anawasha. Hilo pia nililiandika. Hilo pia lilirudi mezani kwangu.

Asubuhi moja ya siku ya soko, kule Kiboriloni, kijana wa Marangu alizima swichi, akafunga kibao, akapanda. Msimamizi alikuja baadaye na gari lake, akaenda kwenye sanduku la swichi, akawasha. Safari hii hata kelele hakupiga. Kijana alitupwa chini mbele ya wanawake wauza ndizi. Hakufa. Lakini mkono wa kulia uliungua vibaya, na hospitalini walilazimika kumkata vidole viwili.

Msimamizi aliandika katika taarifa yake kwamba mwanafunzi hakufunga kibao. Kibao chenyewe hakikuonekana popote. Meneja akaitisha kikao cha uchunguzi hapo hapo shuleni, baada ya kijana kutoka hospitali. Nilikuwa nimekwenda kumtazama wodini na kumkuta ameketi kitandani, ana vipande vya waya mapajani, anajifunza kusokota viungo kwa mkono wa kushoto. Alinionyesha kimoja. Kilikuwa safi, kimekaza, hakina tofauti na vile vya mkono wa kulia. Ombi lake lilikuwa moja tu, na alinisihi nilifikishe: asifukuzwe kabla ya mtihani. Waache afanye mtihani wake kwa mkono wa kushoto; akishindwa, atakwenda zake bila neno.

Siku ya kikao tulisubiri barazani. Msimamizi alimtazama kijana mkono uliofungwa bandeji, akatabasamu.

"Vidole iko ngapi sasa?" akamuuliza. "Hapana kitu. Ya kuhesabu ndizi iko tosha."

Kijana alitazama chini. Baba yake, mzee mwembamba aliyekuja na lori la kahawa tangu alfajiri, hakuyaelewa yote, ila aliielewa sauti. Ndani ya koti lake alikuwa ameshika jani refu la kijani, amelifunga fundo katikati. Nililitambua. Lilikuwa jani la sale, mmea ule ule ambao Wachagga huupanda kwenye mipaka ya vihamba vyao.

Hapa sina budi kueleza mimi ni nani. Nilizaliwa mjini, katika nyumba ya Waislamu wenye asili ya sehemu nyingi. Babu yangu alikuja na biashara, bibi yangu alikuwa wa huku huku. Kichagga nilikisikia sokoni na nilikijua kiasi cha kununulia vitu. Kuhusu sale nilijua kile ambacho kila mtu wa mjini alikijua: kwamba aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea, na aliyepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Nilidhani hayo yanatosha.

Ndani, meneja alimuuliza kijana swali moja tu kwa Kiingereza: ulifunga kibao au hukufunga? Akajibu kwa Kiingereza kizuri kwamba alifunga. Msimamizi akasema kijana ni mwongo. Kisha meneja akamgeukia mzee, akaniamuru nitafsiri.

Mzee alisimama. Aliliweka jani juu ya meza, mbele ya meneja, kwa mikono yote miwili. Akasema maneno kadhaa kwa Kichagga, kisha akajitahidi kuyarudia kwa Kiswahili chake, akinitazama mimi: "Nimeleta sale. Hasira ikae chini, tuongee habari ya mtoto."

Nilikuwa na jua usoni na watu wawili wakubwa wananisubiri. Nililitazama jani, sikuyasikiliza maneno. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mzee anamwombea mwanawe msamaha.

Kijana akainuka kitini. "Sivyo, Bwana Karani," akasema. "Hakusema hivyo."

Mkuu wa shule akamwambia aketi, atasema atakapoulizwa. Hakuulizwa tena. Meneja aliegemea kiti chake kama mtu aliyepunguziwa kazi. Alisema kwamba kama baba anaomba msamaha, basi familia inalijua kosa, na hakuna haja ya kupotezeana muda. Akalisukuma jani kwa ncha ya kalamu mpaka likaanguka sakafuni, akaomba faili linalofuata. Ombi la mtihani wa mkono wa kushoto nililitoa wakati watu wameanza kuinuka. Mkuu alinijibu kwamba kampuni haihitaji nusu ya fundi.

Nje, mzee aliniuliza kwa upole wamesema nini. Mwanawe ndiye aliyemjibu, kwa lugha yao, taratibu. Kisha akanigeukia mimi.

"Kwetu sale si la mkosaji tu," akasema. "Yeyote anayetaka ugomvi uishe hulichukua, hata kama ni yeye aliyeumizwa. Baba alikuwa anawaombea wao njia ya kurudi nyuma bila aibu. Alijua wamekosa. Wewe umewaambia sisi ndio tumekosa."

Mzee alimkataza asiendelee. Akaniaga kwa heshima, akasema karani naye ana wakubwa wake. Neno hilo lilinichoma kuliko tusi.

Niliandika katika rejista kama nilivyoamriwa: ameondolewa kwa uzembe, baba yake amekiri. Wino ulikuwa haujakauka nilipojua kwamba naandika uongo, na niliumaliza mstari, nikaweka nukta.

Juma lililofuata nilitumwa kwenye stoo ya kampuni kuchukua vifaa vya shule. Mtunza stoo akanielekeza kwenye gari la msimamizi, nyuma, ndani ya sanduku lake la zana. Humo, chini ya misumari, nilikiona kibao cha bati chenye namba ya kijana wa Marangu. Kipande cha waya kilikuwa bado kimening'inia kwenye tundu, msokoto wake mzima haujaguswa. Waya ulikuwa umekatwa kwa koleo.

Nilikichukua. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa shule, nikakiweka mezani pake, nikaeleza mambo mawili: kwamba kibao kilifungwa, na kwamba tafsiri yangu ilikuwa na kosa. Nilisimama wima nikisema, maana nilijua huenda ni siku yangu ya mwisho pale. Mkuu alikigeuza kibao huku na huku. Nilimwona ameelewa, hakuwa mtu mjinga. Akafungua droo, akakitia ndani, akaifunga kwa ufunguo.

"Mashine zimeshapakiwa kwenye treni kule Tanga," akasema. "Unataka nizirudishe?"

Nilimwambia kwamba kijana hana kihamba. Akaniuliza kihamba ni nini, na kabla sijajibu akaniambia nirudi kazini.

Mashine zilifika. Ziliwekwa juu ya mistari ya chaki, zikawashwa mbele ya wageni, na msimamizi ndiye aliyepewa heshima ya kuwasha swichi. Wanafunzi waliosoma na yule kijana walisimama kwa mistari na mashati meupe. Mmoja wao, nilimwona, alikuwa akilia waziwazi, na mwalimu wa zamu akamwondoa ili asiharibu picha. Mkataba uliongezwa muda. Niliupiga chapa mimi, kama ule wa kwanza.

Miaka kadhaa ikapita. Mkuu yule alirudi kwao, akaja mwingine, mtu wa huruma. Wakati wa kukabidhiana ofisi, kibao kilionekana ndani ya droo, akaniuliza ni cha nini. Nilimsimulia yote. Ndipo nilipoutia ule mstari wa marekebisho katika rejista, kwa idhini yake. Naye akaiandikia kampuni, akabishana nayo kwa barua mpaka ikakubali kutoa cheti, kwa sharti kwamba sababu ya kukitoa isitajwe popote. Kilikuja kimepigwa mhuri, kimesainiwa, chenye jina kamili la yule kijana. Kilisema amefaulu mtihani wa vitendo.

Niliomba ruhusa nikakipeleke mwenyewe. Nilipanda hadi Marangu na kumkuta kwenye njia ya wapanda mlima, amekaa juu ya mzigo wa wageni pamoja na wapagazi wengine, wanamsubiri kiongozi. Alikuwa mtu mzima sasa, mabega mapana. Wenzake walimtania, wakamuuliza kama serikali imemletea barua ya kodi kwa miguu. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za nyumbani. Nikampa bahasha.

Alikisoma cheti polepole, mara mbili. Nilitazamia hasira, na nilikuwa tayari kuipokea. Nilitazamia pia shukrani. Nakiri hilo kwa aibu.

"Huu mtihani niliufanya lini?" akaniuliza.

Nilimweleza kwamba ni njia ya kurekebisha kosa, kwamba Mkuu mpya alipigania sana, kwamba kwa karatasi hii anaweza kuomba kazi popote.

"Mimi niliomba kufanya mtihani, Bwana Karani. Kupewa tu sikuomba. Nikipandishwa nguzoni kesho na hiki, nikaua mtu, nitawaambia nilijifunzia wapi? Mkono huu sasa unajua kubeba mizigo tu. Mliandika uongo nilipoweza. Sasa siwezi, na mmeandika uongo tena."

Akakikunja kwa mistari yake ile ile, akakirudisha ndani ya bahasha, akaniwekea mfukoni mwa koti langu kama mtu anayempa mtoto nauli. Kiongozi wa msafara akaita. Wenzake walimsaidia kuuinua mzigo hadi kichwani. Akaniambia niteremke mapema, mvua itanyesha, akaingia kwenye mstari wa wapagazi, nami nikasimama njiani mpaka wa mwisho wao akapita.