Tazama Ukuta Kabla ya Kushuka

Iko siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka. Jua lilikuwa halijapanda sana juu ya Nchelenge, ziwa Mweru limetulia kama mchuzi uliopoa, nami nimesimama ufukweni, daftari mkononi na kalamu sikioni, nikiwa na hakika kwamba kila mtu aliye mbele yangu ananidanganya.

Najua utacheka, mwanangu. Mimi ni mama mdogo wako, sina hata unywele mmoja mweupe, na leo nimejitia uzee wa kutoa nasaha. Lakini wewe ndiye uliyeniandikia kwamba unataka kuja likizo na wenzako wa chuo kupiga mbizi kwenye Chuma, ile meli iliyozama, na kwamba mfuko wenu ni mwembamba. Umeniomba mpango. Mpango ninao, maana niliupanga mwenyewe nikiwa na umri wako, mwaka wangu wa tatu chuo kikuu, na kidogo nimrudishe binamu yangu Mbayo nyumbani akiwa maiti. Kwa hiyo vumilia maneno yangu. Uzee mwingine hauhesabiwi kwa mvi.

Unajua tulikolelewa mimi na mama yako. Wazazi walivuka ziwa wakikimbia vita Kongo, sisi tukakulia kwenye makazi ya wakimbizi, kwenye foleni. Kila mara alikuja mtu mwenye orodha, na kila orodha ilikuwa na jina lililokosekana. Mtoto wa foleni hujifunza kushuku kabla hajajifunza kusoma. Chuo kilipokuja kilininoa tu makali: nani kasema? Alionaje? Yeye anapata nini hapo? Sijutii maswali hayo hata leo. Ninachojutia ni mengine, nayo nitayafikia.

Hata Chuma yenyewe niliishuku. Huyu aliniambia ilizama ikiwa imebeba sabuni, yule akasema shaba, mama mmoja sokoni Kashikishi akaapa kwamba ndani yake yumo mzungu na mbwa wake. Mbayo, ambaye aliimba kwaya na kuamini kila alichoambiwa, alisema ilikuwa meli kamili yenye injini. Mimi nikasema ni tishari tu, chombo cha kukokotwa, kisicho na injini wala pangaboi la kusukumia maji. Tulibishana mwezi mzima. Mwisho tukakubaliana kwenda kuona kwa macho. Mtaka cha mvunguni huinama, na sisi tulichokitaka kilikuwa chini ya maji, urefu wa wanaume watatu.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, siwezi kuukana. Tulisafiri juu ya lori lililokuwa likirudi tupu kufuata samaki. Tulilala kwa mjomba. Miwani ya kuzamia tuliipata kwenye mitumba ya salaula, miwili, mmoja ukiwa umekatika mkanda, nikaufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mitungi ya hewa hatukuwa nayo wala hatukuitafuta. Pumzi ya kifua ilitosha, tena haina kodi. Nikachagua juma la mwezi mpevu, kwa kuwa wavuvi wa chisense, wale dagaa wetu, huvua kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, mitumbwi inalala na wenyewe wanakodisha kwa bei ya huruma. Hilo liandike, mwanangu. Ni kweli mpaka leo.

Mwenye mtumbwi alikuwa papa Numbi, yaani baba Numbi kwa kikwao, Mkongomani wa makamo, mwembamba, mwenye macho yanayokimbia. Nilimshuku tangu salamu. Nilimuuliza maji yana kina gani, amewafikisha watu wangapi, mamba wanakaa upande gani, na kila alichojibu nikakiandika. Kadiri nilivyoandika, ndivyo majibu yake yalivyofupika.

“Mamzele wa iniversite,” alisema hatimaye, “sasa hata kikohozi changu unaandika?”

Mbayo akacheka. Mimi nikauliza kama tunaweza kuondoka.

“Bado. Lazima tupite kwanza ku muzee. Mutu hapana kuenda ku Chuma bila kuangalia ukuta wake. Na hatuendake mikono mitupu, mununue hata sukari.”

Hapo moyo wangu ukasema: ndiyo hii sasa. Kila mahali penye kitu cha kutazamwa pana mzee wa kupitiwa, na kila mzee ana mpwa mwenye mtumbwi. Nilinunua sukari, pakiti ndogo kuliko zote, nikaenda nikiwa nimenuna.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo, karibu kabisa na maji. Mwenyewe aliitwa bashikulu Chola. Bashikulu ni babu kwa Kibemba, na ndivyo watu wazima wote wa ufukwe ule walivyomwita. Alikuwa mvuvi wa zamani, mguu mmoja umekakamaa. Ukuta wake uliotazama ziwa ulijaa misumari, na kwenye kila msumari kilining'inia kipande cha patapata, zile kandambili za mpira ambazo wavuvi huzikata vipande kufanya maboya ya nyavu. Vya buluu, vya kijani, vya njano, vingine vimepauka kama mifupa. Vilifungwa kwa uzi, vingine juu, vingine chini, na upande wa kulia, karibu na ardhi, kilikuwapo kimoja chekundu, kipya. Papa Numbi hakuutazama ukuta ule hata mara moja. Nililiona hilo. Nililiandika.

“Ketini,” alisema bashikulu kwa Kiswahili cha biashara. “Muangalie pole pole. Kisha mutaniuliza.”

“Tuulize nini?” nikasema.

“Ukiangalia utajua.”

Mbayo alininong'oneza kwamba mchungaji wake asingependa. Mimi sikuogopa wachungaji wala waganga, niliwashuku wote sawasawa. Nilichokiona pale ni duka la hirizi: leo utazame, kesho uambiwe kipande kimoja kimekukasirikia, keshokutwa ulete kuku. Nikaweka sukari chini, nikashukuru kwa adabu iliyokauka, nikamwambia papa Numbi jua linapanda. Bashikulu alinitazama, akatazama daftari langu, akafunga mdomo. Papa Numbi alisita, akafungua kinywa kama anayetaka kusema, akakifumba. Tukaenda.

Ingia kidogo katika mawazo yangu ya wakati ule, mwanangu. Watu wawili wakifumba mdomo mbele yako, wewe mwenye akili za chuo ungewauliza nini? Ungeuliza, “Papa, kuna jambo?” Mimi sikuuliza. Nilikwisha kujijibu.

Maji yalikuwa safi, upepo haujaamka. Mtumbwi ulisimama juu ya kivuli kirefu, nami nikakubali kimoyomoyo kwamba angalau Chuma ipo. Niliposhuka mara ya kwanza nilishika ubavu wake, umevaa utelezi na konokono, samaki wadogo wakiingia na kutoka kwenye tundu lililokuwa dirisha. Sijaona kitu kizuri hivyo tena. Tulipanda na kushuka, tukicheka kila tukiibuka, mpaka nikakumbuka ubishi wetu.

“Nenda nyuma, chini kabisa,” nikamwambia Mbayo. “Tafuta pangaboi. Ukiliona, nitakuita profesa.”

“Uandike hiyo,” akasema, akavuta pumzi, akashuka.

Papa Numbi alisimama ghafla mtumbwi ukayumba. “Umemutuma nyuma?”

“Kwani nyuma kuna nini?”

Aliinama ukingoni. Alikuwa akitazama maji. Nami nikatazama, nikangoja miguu ya Mbayo ipige kwenda juu. Haikupiga. Viputo vilikuja vingi kwa pamoja, kisha vichache. Ule mpira wa tyubu nilioufunga mwenyewe ukaelea juu, bila miwani. Papa Numbi alikwisha kuchomoa kisu cha samaki, akakishika kwa meno na kuruka na nguo zake zote. Hakuzunguka, hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya chini ya nyuma, kama mtu anayeingia chumbani mwake gizani.

Nilibaki na kamba ya mtumbwi mkononi. Sijui ni muda gani. Najua kwamba niliahidi vitu vingi kwa Mungu ambaye wiki iliyotangulia nilikuwa nimeandika insha ya kumhoji.

Waliibuka pamoja. Mbayo alikuwa wa kijivu. Tulimlaza kifudifudi kwenye ubao, akatapika ziwa, akakohoa, akalia kama mtoto, na kilio kile kwangu kilikuwa kwaya. Kifundo chake cha mguu kilikatwa pande zote na uzi mwembamba wa wavu usioonekana, nailoni ile iliyokatazwa na serikali, na mapande yake yalikuwa bado yamemzinga hadi magotini.

Tulipiga kasia mpaka nchi kavu. Bashikulu alikuwa palepale, sukari palepale. Alimfunika Mbayo blanketi, akachemsha chai, akatia ile sukari yetu yote kwenye kikombe cha mgonjwa. Halafu akaniita mbele ya ukuta.

“Hii haina dawa ya uganga, mwana wandi,” alisema. “Huu ukuta ni Chuma. Huku kushoto ni pua yake, kule kulia ni mukia. Mutu akipoteza wavu pale chini, anakuja anafunga boya lake mahali ambapo wavu umekamata. Simuulizake jina. Nikimuuliza jina, hatakuja.”

Nikaelewa, nikahisi baridi kuliko Mbayo. Nyingi ya nyavu zile hazina ruhusa. Nani atasimama mbele ya watu aseme wavu wangu wa haramu uko pale, jihadharini? Kwa hiyo ukuta uliwasemea. Kila mpiga mbizi, kila mvuvi anayetupa ndoano, hukaa, hutazama, huuliza, “Hiki chekundu je?” naye huambiwa.

Papa Numbi alikuja, nguo zikimchuruzika, akagusa kile kipande chekundu. “Hii njo ya wavu wangu,” alisema. “Nilikuona na kitabu chako, maulizo, maulizo. Nikasema huyu ni mutu wa Leta, wale ba serikali wanakamataka nyavu. Nikanyamaza. Nikafikiri muzee atakuonyesha.”

“Nami niliona hivyohivyo,” alisema bashikulu. “Nilikushuku. Lakini nilikuambia keti.” Aliniwekea mkono begani, mzito kama jiwe la nanga. “Kushuku si kubaya, mwana wandi. Mutu akishuku mulango, anagonga, anangojea. Weye ulishuku mulango, ukarukia dirisha, na umemurusha mutoto wa watu mbele yako.”

Nilitia daftari mfukoni bila kuandika neno. Hilo lilikuwa jipya kwangu.

Safari yetu ilikuwa ya siku mbili. Tulikaa sita. Mbayo alikaa ufukweni na mguu wake uliofungwa, akitupigia kelele, na mimi na papa Numbi tukashuka zamu kwa zamu na kisu, tukaukata ule wavu kipande kwa kipande mpaka wote ukatoka, ukachomwa moto mbele ya bashikulu. Siku ya mwisho nilikwenda nyuma ya Chuma kwa utulivu. Pangaboi lipo. Limeliwa na kutu, bawa moja limekatika. Profesa ni Mbayo, na hanipi nafasi ya kulisahau.

Jioni ile bashikulu alichomoa kile kipande chekundu msumarini. Papa Numbi alikikataa, akasema amekichoka. Nikapewa mimi.

Sasa nasaha, mwanangu, nazo ni chache. Panda lori, lala kwa ndugu, njoo mwezi ukiwa mpevu, ondoka asubuhi kabla ya upepo. Huko kote bana pesa utakavyo. Usibane kwenye mkanda wa miwani. Usibane kwenye kisu, na mpiga mbizi mmoja asishuke pasipo mwenzake kumtazama kutoka juu. Usibane muda wa kuketi kwa wenyeji, maana huo ndio pekee nilioubana mimi kwa makusudi, na ndio uliokuwa wa bure.

Na usiniletee habari kwamba wewe ni mtu wa kuamini tu. Shuku. Nakujua, umetoka tumbo lile lile. Lakini shaka yako ikifika mdomoni iwe swali, na swali likishatoka, ngoja jibu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Methali nyingi nazibishia, hiyo nimeilipia. Tena kumbuka kwamba unayemshuku naye ana macho. Weka daftari mfukoni kwanza, mwambie jina lako na la mama yako, useme umekuja kufanya nini. Huenda neno unalolihitaji analo mdomoni, anakungoja wewe tu.

Bashikulu sasa haoni vizuri, ila ukuta anaujua kwa vidole. Mpelekee sukari, pakiti kubwa. Ndani ya bahasha hii nimekutilia kile kipande chekundu. Mwonyeshe, atajua wewe ni wa nani.

Mungu wa mama yako, ambaye mimi bado namuuliza maswali lakini siku hizi nangoja majibu, akupe pumzi ya kushukia, akubakizie ya kupandia, na juu ya maji akuwekee mtu anayejua ulipo.