Bwana Afya na Vyoo Visivyonuka

Enzi zetu mtoto hakutishwa kwa polisi. Polisi walikuwa mbali, Sumbawanga mjini. Alitishwa kwa Bwana Afya, mtu wa kaptula ya kaki na baiskeli, ambaye angeingia uani kwenu, akafunua mtungi, akatikisa kichwa, na kijiji kizima kikajua mnakunywa maji yasiyochemshwa. Wenzangu walipolia, mama zao waliwaambia, "Nyamaza, Bwana Afya anapita." Kwangu haikusaidia. Bwana Afya alikuwa baba yangu, na alikuwa chumba cha pili akikoroma.

Baba alitoka Mbeya, serikali ikampanga Ufipa, katika kijiji kimoja cha ujamaa njia ya Laela, ambako upepo wa Juni unapita ndani ya masweta mawili bila kubisha hodi. Alimpenda Mama, alitupenda watoto, na aliipenda serikali, ila hatukuwa na hakika nani alitangulia. Kwetu hapakuliwa kitu kabla mikono haijakaguliwa. Siku jogoo alipopanda kichanja cha vyombo, Baba aliitisha mkutano wa familia, akamteua Mama kuwa mwenyekiti, kisha akasimama mwenyewe kumshtaki jogoo. Jogoo akapewa onyo. Aliporudia kosa tulimla kwa ugali wa ulezi, na Baba akasema, "Ndugu zangu, taratibu zimefuatwa." Tulicheka kimoyomoyo, maana kucheka mkutanoni nako kulikuwa kosa.

Lakini fahari yake ilikuwa vyoo. Watu wa kijiji kile walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani kwao ili wakae pamoja kwa mistari, na kila kaya iliagizwa ichimbe choo. Wakachimba. Baba akapita kukagua, na kwa kuwa aliamini mtumishi wa umma haingii kwa watu kwa kuvizia, aliitangaza siku ya ukaguzi mapema sana. Alifungua mlango wa kila choo, akanusa, akatabasamu. Hakuna harufu, hakuna inzi. Alisema tangu aanze kazi hajaona watu wasafi kama Wafipa, na wilayani akawaambia hivyo hivyo. Jibu likaja kwamba wakubwa wa mkoa watafika wajionee.

Juma lile lile Babu, baba yake Baba, akashuka kwenye basi la Mbeya.

Vijana wa leo hawatanielewa hapa, lakini kwetu mkwe hakuwa mtu wa kuzoeana naye. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hatamki jina lake, wakikutana njiani anaacha njia. Na kuchangia choo, jamani, hilo hata halitajwi. Basi Mama akaanza kuishi kwake kwa kujificha. Babu akiingia sebuleni, Mama anatoka kwa kupitia dirishani. Babu naye, kwa heshima, alikohoa kabla ya kila kona ili ampe nafasi. Hakuwa na ugonjwa wowote wa kifua, ni ustaarabu tu, na haikuchukua muda hata kuku wakajifunza kukimbia wakisikia kikohozi. Chakula nilipeleka mimi, shukrani nikazirudisha mimi. "Mwambie aliyepika kwamba amepika," Babu alisema, na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Shida ni kwamba Babu alikipenda choo chetu. Kilikuwa cha mfano, kimepakwa chokaa, kina mfuniko wenye mpini. Aliingia asubuhi na ugoro wake, akatoka jua limeshapanda. Mama hakuweza kukikanyaga tena. Na asiniambie mtu kwamba angekwenda porini! Uwanda wa Ufipa ni nyasi mpaka macho yachoke. Ukichuchumaa kijijini, watu wa Laela wanakusalimia.

Mama akajifunga kanga, akanishika mkono, tukaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Baba Festo. Mkewe akatukaribisha kwa togwa. Mama alipomnong'oneza haja yake, Mama Festo alitazama chini.

"Ee mama, mle leo kuna kuku anaatamia."

Nyumba iliyofuata tukapewa togwa, tukaambiwa choo kimefungwa na mwenye ufunguo amekwenda kuuza maharage. Nyingine togwa tena, na habari ndefu za mgonjwa. Togwa ni kinywaji kizuri, ila si siku ile. Mwishowe Mama hakuomba, aliusukuma mlango wa choo cha watu. Mahindi yakamwagika mpaka kwenye magoti yake.

Ufipa wanalima kwa matuta makubwa ya nyasi zilizofukiwa, na nyuma ya tuta mtu mfupi anaweza kujisitiri. Mama alikuwa mrefu. Alirudi nyumbani analia, na kwa kuwa Babu alikuwa sebuleni, alimsemesha Baba kupitia dirishani.

"Baba Tumaini, vyoo vyako havinuki kwa sababu ni maghala. Mke wa Bwana Afya ameonwa na ng'ombe na wachungaji wao. Mimi kesho narudi kwetu."

Sikuwahi kumsikia Mama akisema hivyo, na niliogopa sana. Baba alitoka mbio hadi kwa balozi, nami nyuma yake.

"Ndugu Balozi, mmenidanganya?"

"Hapana, Bwana Afya," Baba Festo alisema kwa upole. "Ulituambia choo kiwe kisafi siku zote. Sasa mtu akikitumia, si kitachafuka? Halafu tulipohamishwa, vihenge vyetu vya kuwekea mahindi vilibaki kule kule. Mliagiza vyoo. Vihenge hakuna aliyeagiza."

Balozi akamshika bega, akamwambia asiwe na wasiwasi, mahindi yatatolewa kabla wakubwa hawajafika, kama ilivyo desturi. Baba alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na sifa zote zingekuwa zake.

Baba alirudi nyumbani, akavua shati, akachukua sururu, akaanza kuchimba nyuma ya jiko. Wakubwa walipoingia kesho yake na Landrover, ngoma zikilia, Baba alikuwa shimoni mpaka shingoni. Balozi aliwazungusha kwenye vyoo vinavyong'aa, wakavisifu, kisha wakaja kwetu kwenye nyumba ya mfano.

"Ndugu Bwana Afya," mkubwa wao alimwinamia, "kila nyumba ina choo kizuri namna hii. Sasa wewe unachimba nini tena?"

Nilimwona Balozi akimkonyeza Baba. Nilimwona Mama kando ya jiko, mzigo wake umeshafungwa. Baba akajipangusa udongo usoni.

"Ndugu mkuu, kijiji hiki kina choo kimoja tu, na sasa hivi baba yangu yumo ndani."

Kutoka chooni Babu akakohoa, kwa heshima.

Ngoma zilinyamaza. Baba hakufukuzwa kazi, lakini alikaripiwa hadharani, na cheo alichokuwa nacho siku ile ndicho alichostaafu nacho. Mama alifungua mzigo wake. Baba akawasaidia watu kujenga vihenge kwanza, mahindi yakahama, na siku choo cha Balozi kilipotoa harufu kwa mara ya kwanza, Baba alikuja kututangazia mezani kwa furaha kubwa.

Siku hizi nina nyumba yangu Milanzi, choo kimo ndani, ukuta mmoja na jiko. Mkamwana wangu na mume wangu wanapishana mlangoni wakiwa na ndala na simu, hakuna hata anayekohoa. Mwanangu akimuudhi mkewe humtumia picha ya moyo mwekundu, mambo yakaisha, au yakaonekana yameisha. Silaumu. Ila sururu imo stoo na sijamwona akiigusa.

Tulipomzika Baba, wasifu wake ulisomwa ukaisha haraka. Kijana mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Mzee hakupanda cheo hata kimoja?" Mama alisikia. Aliomba ashikwe mkono, akasimama mbele ya watu wote.

"Wenzangu waume zao walipanda vyeo," alisema. "Wangu aliingia shimoni wakubwa wakimtazama, ili mimi nisionekane na watu."