Nilipaka chambo changu mabondo ya sangara nikijua nimewapiku Wazungu

Wakuu, heshima zenu popote mlipo. Hii ilinitokea mimi mwenyewe, na chumvi nitakayoongeza ni ya kuonjea tu.

Miaka ile soko huria linaingia Mwanza, walikuja watu kununua mabondo. Kwa mlio mbali na ziwa: bondo ni ule mfuko wa hewa tumboni mwa sangara. Zamani tulikuwa tunawatupia mbwa. Ghafla likawa dili.

Yanakwenda kufanya nini huko nje? Hakuna aliyejua, kwa hiyo kila mtu akajua.

Pale mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, ikavuma kwamba Wazungu wanayachemsha kupata vanishi ya meli. Inang'aa, na haitoki hata uikwangue kwa panga.

Niliamini asilimia mia mbili. Nilikuwa nimetoka kuhitimu masomo ya jioni, wino wa cheti haujakauka, na mtu mwenye cheti haamini kitu nusunusu.

Sasa, mimi nilikuwa nachonga samaki wa mti, chambo cha kuvulia sangara. Ubavuni nabandika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, mashavu napaka rangi nyekundu ya maji. Wazuri mpaka unataka kuwasalimia.

Shida ilikuwa finishing. Vanishi ya samani ilipasuka. Rangi ya kucha ya mke wangu, Mama Neema, ilishika vizuri, ila iliishia kwenye samaki wawili, na amani ya nyumba ikaishia hapohapo.

Mjini alikuwepo Mzee Kassam, mwenye duka la vifaa vya uvuvi, kila Jumapili yuko ziwani na boti yake. Nilipomwonyesha samaki wangu, akaniambia, "Lete sita. Vikimaliza Jumapili moja viko vizima, navitundika dukani. La sivyo, usinisumbue."

Nikaenda kuacha kazi yangu kiwanda cha pamba. Ndiyo, kabla ya hiyo Jumapili. Cheti, wakuu!

Nikachemsha mabondo kutwa nzima. Mtaa wetu wa Mkolani wote ukafunga madirisha. Ukatoka ute kama asali, nikapaka mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, nikaanika kwenye kamba ya nguo. Viling'aa hadi kuku wakaanza kutembea wamefumba macho.

Chini ya kamba wakaja paka saba, wametulia kama wajumbe wa baraza.

"Baba Neema," mke wangu akauliza, "vanishi gani paka anailamba?"

"Hiyo ni kemia, huwezi kuelewa."

"Haya mwanakemia, vitie basi kwenye ndoo ya maji tuone."

Ndoo ya nini? Logic yangu ilikuwa hivi: sangara anaishi majini maisha yake yote, umewahi kusikia bondo lake limeyeyuka?

Jumapili ikafika. Nikampa Mzee Kassam shikamoo ya mtu ambaye kesho ni mshirika wa biashara. Tukafunga chambo cha kwanza, boti ikakikokota.

Dakika kumi, tukavuta. Kilirudi kijiti. Karatasi ya fedha hakuna, mashavu hakuna. Cha pili hivyohivyo. Hadi cha sita tulikuwa na kuni za kuchemshia chai.

Mzee Kassam hakucheka, na hapo ndipo paliponiuma. Alinusa kile kijiti, akauliza nimepaka nini. Nikamweleza habari ya Wazungu na meli zao, sauti ikinipungua kila sentensi.

Funzo: wale mabingwa wa mwaloni hawakuwahi kuiona hiyo vanishi. Mimi pia. Tofauti ni kwamba wao Jumatatu walikwenda kazini.

Mnaochonga chambo, semeni mnapaka nini kinachodumu. Wa kunicheka nao nafasi ipo, pangeni foleni nyuma ya Mama Neema.

Ila kabla hamjaandika, someni alichonijibu yule mzee, huku akigeuza boti:

"Mabondo watu wanapikia supu. Ukiyachemsha unapata gundi, na gundi hiyo inayeyuka majini. Paka vanishi ya boti, mikono mitatu, kila mkono uache ukauke siku nzima. Na kabla hujaniletea tena, vitie kwanza kwenye ndoo."