Kazi Aliyoifanya Kaka Yangu Jeshini

Mwezi wa tatu, mwaka wa 1993, tulipoteza nyumba yetu ya mtaa wa Kapata, mjini Kolwezi. Baba alipewa nyumba hiyo na kampuni ya migodi alipoanza kazi kwenye mashimo ya shaba ya Mashamba, na mimi nilizaliwa humo. Kaka yangu mkubwa tulikuwa tumempoteza zaidi ya miaka miwili kabla. Alikuwa mwanajeshi, akafa mbali, upande wa mpaka wa mashariki. Mwili haukurudi. Tuliletewa karatasi, na karatasi haikusema alikufaje.

Baba aliyajaza mwenyewe yaliyokosekana. Siku za matanga aliwaambia watu kwamba mwanawe alikufa na bunduki mkononi, akiwakinga wenzake. Mimi nilijiuliza. Kaka alipokuja likizo mara ya mwisho, viganja vyake vilikuwa na sugu ngumu kama vya baba. Bunduki inaleta sugu kama zile? Nilimwuliza, akacheka tu.

Vijana waliokuwa wakiwafukuza watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipokuja kututoa, baba alisimama mlangoni ameshika picha ya kaka akiwa amevaa magwanda.

"Huyu alikufia inchi hii," alisema.

Kijana mmoja aliyewahi kula kwetu mara nyingi aliitazama picha vizuri. "Inchi gani, tata? Yenu iko kule Kasai. Beba na picha yako."

Baba alizaliwa Kolwezi. Kasai hakuwahi kuiona.

Tukaenda kungoja treni stesheni, pamoja na maelfu ya wengine, chini ya maturubai. Treni ilikuja ilipotaka. Baba aliitundika picha juu ya mizigo yetu, watu waione. Wiki ya pili, mwanaume mmoja aliyechechemea, naye amefukuzwa kama sisi, alisimama mbele ya picha hiyo.

"Huyu mi namujua. Tulikuwa naye kikosi kimoja."

Baba alimpa kigoda chetu. Majirani wakasogea.

"Baambie namna alikuwa anapigana," baba alisema.

Yule askari wa zamani alisugua goti lake. "Tata, kupigana alipigana kidogo. Kazi yake ilikuwa choo."

Mtu mmoja nyuma yetu alicheka.

"Tukifika fasi mupya, siye tunalala chini, tumechoka. Yeye anaanza kuchimba. Tulimuita direkta wa choo. Lakini kikosi kingine batu balikufa na kuhara. Kwetu, hata mumoja."

"Na siku ile?" niliuliza mimi.

"Alikuwa mu shimo, anachimba. Bombe ikaanguka pembeni."

Baba aliishusha picha, akaifunga ndani ya kitenge, akatugeuzia mgongo. Mimi sikuona aibu. Nilichokitaka ni kimoja tu: baba ampokee huyu mwana wa kweli kama alivyompokea yule wa matanga. Sikujua nimwambie nini. Basi nikamfuata yule askari na maswali. Shimo lina kina gani? Linakaa wapi, ukilinganisha na maji? Mnafunika na nini? Kaka alikuwa anaimba akichimba?

Alinijibu yote. Lipite kichwa cha mchimbaji. Likae chini ya mahali mnapoteka maji, na mbali nayo. Kila anayetoka amwage jivu, na kifuniko kirudishwe, nzi wasiingie. Kuimba, hapana, alikuwa anahesabu.

"Mbona unauliza kama mutu anatafuta kazi?"

"Naitafuta," nikasema.

Pale stesheni watu walikuwa wanajisaidia nyuma ya mabehewa, na watoto walikuwa wameanza kufa kwa kuhara. Niliazima sururu na beleshi kwa fundi mmoja wa mtaa wa Manika, nikaanza. Wanawake waliokuwa wakipita na ndoo walisimama kunitazama.

"Mama mudogo, unatafuta shaba?"

"Umuache, anajenga. Nyumba yake balimunyanganya."

Tulicheka wote, hata mimi, maana nyumba zetu sote zilikuwa zimechukuliwa.

Sijui kama shimo lile liliokoa mtu. Watu waliendelea kuugua, na wengine hawakulitumia. Tangu hapo nimechimba vyoo vingi, vya shule, vya kanisa, vya majirani wasionipenda. Watu wakiniuliza nilisomea wapi, nawaambia nilisoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya msingi, na kazi hii nilifundishwa na marehemu. Namkumbuka kwa namna hiyo, kwa sababu kaburi lake silijui.

Siku ya tatu ya kuchimba pale stesheni, ukuta mmoja wa shimo ulianguka ukanifunika mpaka magotini. Nilipoinua macho, baba alikuwa amesimama ukingoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Unachimba wima sana," alisema. "Udongo huu hausimami. Panua huku juu, ushuke kwa ngazi, kama kule Mashamba."

Akavua shati, akalikunja, akaliwekea jiwe juu. Aliingia shimoni, akachukua sururu mkononi mwangu, akaanza kukata ngazi ya kwanza. Yule askari alikuja kututazama, akakaa juu ya udongo tuliotoa. Tulikata ngazi ya pili, na ya tatu. Kisha baba, bila kusimama, alimwuliza:

"Alikuwa anachimba mbio, ao polepole?"

"Polepole, tata. Alitusumbua sana. Kila pembe alikuwa anapima mara mbili."

Baba aliweka sururu chini, akapima ngazi yake kwa shubiri, akaipima tena, akaendelea kuchimba.